Heshima Kumi na Nane za Mzee Matano

Mteja wa Mombasa akikubali bei yako bila kupinga, usicheke. Funga mlango, kaa chini, hesabu mistari. Nawaambia hili mapema kwa sababu nawajua: mtasoma aya mbili kisha mwende zenu kwenye simu. Wenye kwenda waende na hilo moja, litawafaa.

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na kazi niliiacha likizo ya mwezi wa nne. Wenye kucheka chekeni. Nilitumikia likizo tano katika karakana ya Shangazi Rukia, Changamwe, wanapotengeneza milango ya chuma na grili za madirisha. Kazi yangu ilikuwa kuandika kotesheni, ile karatasi ya bei anayopelekewa mteja kabla hakijakatwa hata chuma kimoja. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa siogopi kompyuta. Kweli, sikuiogopa. Ilifaa niiogope.

Sasa yuko binamu yangu Saada, wa gredi ya tisa, na haya nayaandika hasa kwa ajili yake, ingawa atajifanya hakuyasoma. Nyinyi binamu wengine mnaosubiri zamu zenu, sikilizeni pia.

Kazi yenyewe ni nyepesi, na hapo ndipo penye mtego. Dirisha moja ni mstari mmoja: jina, vipimo, idadi, bei. Nyumba ina bawaba za aina moja kila mlango? Huna haja ya kuandika upya. Wabofya namba ya mstari pale pembeni, mstari mzima wabadilika rangi, unaunakili, unaubandika chini yake. Mara mbili, mara tano. Wajiona mhasibu wa bandari. Lakini kompyuta haina aibu. Ukinakili upuuzi, itakubandikia upuuzi uleule, kwa mwandiko mzuri, na jumla yake chini.

Likizo yangu ya kwanza, mchungaji mmoja wa Kisauni alitaka mlango wa kanisa. Sikuanza upya. Nilichukua kotesheni ya mteja wa wiki iliyotangulia, nikabadilisha jina, nikanakili mistari miwili mitatu, nikatuma. Mchungaji akapokea mlango, bawaba, kitasa, na mstari wa nne uliosema: "Dirisha la kaunta ya baa, lenye tundu la kupitishia chupa." Alipiga simu kwa upole mwingi. Akauliza kama hilo tundu ni la lazima.

Shangazi hakunipiga. Alinipeleka kwa Fundi Kalume.

Fundi Kalume ni Mgiriama wa Kaloleni, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, na mpaka leo hajui kompyuta inawashwa wapi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Aliniita karani, na alivyolitamka neno hilo ungedhani anamtaja mnyama mdogo wa shambani. Siku ile alikuwa akikata vipande ishirini vya chuma vyenye urefu mmoja. Kipande cha kwanza alikuwa amekipaka rangi nyekundu nchani, na akikiita mama. Kila kipande alikipima kwa mama. Akanipa chaki, akaniambia nami niweke alama, lakini nipime kila kipande kwa kile kilichokitangulia. Nilifika kipande cha kumi nikiringa. Akakilaza kando ya mama. Kilikuwa kimemzidi kwa upana wa kidole.

"Mtoto hupimwa kwa mama," akasema. "Ukimpima kwa ndugu yake, ukoo wapotea."

Tangu siku hiyo nikawa na faili moja safi, nikaliita Mama. Halina jina la mteja, halina baa. Kila kotesheni ilianzia hapo, na kanuni hiyo iliniokoa likizo tatu nzima. Ishikeni. Ila mjue kwamba mama naye ana tabia zake, na mtu hurithi vyote.

Mama huyu alikuwa na mstari wa Heshima.

Shangazi haandiki neno punguzo. Asema hilo ni neno la maduka ya nguo. Mwisho wa kila kotesheni anaweka mstari uitwao Heshima, na mbele yake shilingi elfu tatu zenye alama ya kutoa. Mteja akija lazima aombe apunguziwe. Huku kwetu kulipa bei uliyotajiwa ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Basi Shangazi humwonyesha kwa kidole: heshima yako hii hapa, nimekuwekea kabla hujaomba. Mteja huona haya kuomba zaidi. Kisha huomba zaidi. Wanavutana kidogo, mkono wapewa mkono, kazi yaanza. Kotesheni moja, heshima moja.

Sasa Mzee Matano. Huyu alikuwa karani wa maghala zamani, mtu wa Jomvu Kuu, na alikuwa akijenga vyumba kumi na vinane vya kupangisha yeye na dadake, Bi Mishi, nusu kwa nusu. Kila chumba mlango mmoja, dirisha moja kubwa, na kidirisha cha choo. Karakana haikuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Fundi Kalume alikuwa ameshakataa kibarua cha miezi miwili Mtwapa ili aingoje.

Nilifungua Mama. Nikaandika mlango, dirisha, kidirisha; mstari wa nne ulikuwa umeshakaa pale chini, mpole, haunisemeshi. Nikavuta kipanya kutoka juu hadi chini, nikakichukua chumba kizima, nikakibandika mara kumi na saba. Karatasi ikawa ndefu kama mkeka. Nikaificha mistari ya ndani, zikabaki safu kumi na nane tu, chumba cha kwanza hadi cha kumi na nane, kila kimoja na bei yake. Ukurasa mmoja. Niliutazama nikajipenda.

Shangazi aliukagua, msidhani hakuukagua. Aliweka kidole kwenye chumba cha kwanza: elfu kumi na mbili na mia tano. Chumba kimoja, akishatoa heshima, ndivyo kilivyofika siku zote. Akaizoea namba, akapitisha. Nikaituma kwa simu Jumatano alasiri. Alhamisi Mzee akajibu: amekubali, Ijumaa ataleta arubuni kabla ya swala.

Karakana nzima ilikunywa soda. Fundi Kalume peke yake aliuliza, "Hakuvuta?"

Nikamwambia hakuvuta.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Fundi. Watu wengine wana pesa."

Akaiweka chupa chini kabla ya kuimaliza.

Ijumaa, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa nikiandaa kotesheni ya mtu mwingine, vyumba viwili tu. Nikakibandika cha pili. Safari hii sikuficha kitu, kwa kuwa palikuwa na nafasi. Na pale kwenye kioo, moja juu ya nyingine, zilikaa Heshima mbili.

Nilifungua faili la Mzee Matano, nikaifunua mistari niliyoificha. Heshima. Heshima. Heshima. Niliteremka nikihesabu, na kila nilipodhani zimekwisha palikuwa na nyingine. Kumi na nane. Elfu tatu zilizopaswa kutoka mara moja zilikuwa zimetoka mara kumi na nane. Elfu hamsini na moja zilikuwa zimeondoka karakanani kwa adabu nzuri sana, na mimi ndiye niliyezifungulia mlango.

Nikampigia Shangazi. Alikuwa amekwenda kwa muuza vyuma, upande wa Kibarani, kuchukua mali ya kazi hiyohiyo kwa mkopo. Simu ikaita. Ikaita ndani ya droo, chini ya kiwiko changu, alikokuwa ameiacha ikichaji.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mtu wa kazi hupotea. Nilijaribu kuifuta ile karatasi kwenye simu ya Mzee. Wapi, alama za buluu za kuonyesha ameisoma zilikuwa na siku mbili. Ndipo nikaona njia, na nikaiona nzuri. Nirekebishe jumla. Nichape karatasi mpya, sura ileile, nembo ileile. Mzee akija nimwekee mbele yake na soda baridi na kalamu. Watu wa umri wake hutia sahihi huku wakitafuta miwani. Nilitoa nakala ya faili, nikazifuta humo heshima kumi na saba, nikachapa. Karatasi ikatoka na joto lake.

Fundi Kalume alikuwa mlangoni. Alikuja kuulizia kipimo cha kidirisha cha choo. Kompyuta haijui, lakini namba anazisoma vizuri kuliko mimi. Akaichukua ile karatasi, akaitazama chini, pale penye jumla.

"Hii siyo ile ya juzi."

Nikamwambia ile ilikuwa na kosa dogo.

"Kosa dogo lina ngapi?"

Nikamtajia. Hakupiga kelele. Alitazama nje, walikokuwa wenzake wawili wakipanga meza ya kuchomelea, midomo yake ikijongea kama mtu anayehesabu. "Hizo ni sisi," akasema. "Sisi watatu, mwezi mzima."

Kisha akairudisha karatasi mezani, kifudifudi.

"Chuma nikikikata kifupi, naongeza kipande. Naweza kukipaka filla ya kuzibia na rangi juu yake, mwenyewe asione. Mvua ya kwanza filla yapasuka, na hapo hakioni yeye peke yake, hukiona mtaa mzima. Mimi kiraka changu nakiacha wazi, karani. Haya, kimbia. Shangazi yako akitia sahihi kule, vile vyuma ni vyake."

Nilichukua bodaboda. Sijui nilimlipa ngapi. Njia nzima nilikuwa nikijifunza namna ya kulisema, na kila sentensi niliyoitunga ilianza na kompyuta. Kompyuta ilifanya hivi. Kompyuta ilifanya vile. Nilipofika vyuma vilikuwa vimeshapakiwa kwenye mkokoteni, na Shangazi ameinamia kaunta, kalamu mkononi.

Nikaita, "Shangazi." Akaniambia abee bila kugeuka.

"Usitie sahihi. Nimenakili Heshima mara kumi na nane."

Hakuuliza maana yake. Alikaa vilevile ameinama, namwona mgongo tu, na ule mgongo ulikuwa unapiga hesabu. Kisha akaifunika kalamu kifuniko chake, tk, akamwomba mwenye duka amwekee mali hadi alasiri. Tukapanda tuktuk kurudi. Alisema neno moja tu njiani. "Ulijua lini?"

"Saa tatu."

Sasa ilikuwa saa nne na nusu. Nilishukuru Mungu kwamba hakuuliza hiyo saa moja na nusu niliifanyia nini.

Mzee Matano alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu nyeupe, kofia ya viua, bahasha ya kaki juu ya goti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamwambia Shangazi kwamba leo kaja mapema ili asiwaweke watu roho juu. Shangazi akamkaribisha, akauliza hali ya Bi Mishi, hali ya wajukuu, hali ya ujenzi. Kila jibu lilikuwa alhamdulillahi. Halafu Shangazi akanigeukia.

"Mwambie wewe."

Nikaileta kompyuta, nikaiweka mbele ya mzee. Ile karatasi niliyoichapa ilikuwa bado mezani kifudifudi. Niliikunja nikaitia mfukoni, na huo ndio ulikuwa wizi wangu wa mwisho katika kazi hii. Nilifungua faili alilotumiwa yeye, lile lenye kosa, nikaufunua mstari mmoja mmoja. Sikutaja kompyuta. Nilisema nilinakili chumba nikanakili na heshima ndani yake, kisha nikaificha ili karatasi ipendeze.

Akavaa miwani. Aliteremka na kidole juu ya kioo, akihesabu kwa sauti, polepole. Alipofika kumi na nane akaondoa kidole. Nje, grainda ya kukatia vyuma ilikuwa imezimwa. Mafundi wote watatu walikuwa wamesimama kama watu wanaosubiri kusomewa matokeo.

"Mimi tangu kuzaliwa," akasema Mzee Matano, "sijaheshimiwa mara kumi na nane kwa siku moja. Hata siku ya harusi yangu."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu yeye hakuwa akicheka. Akavua miwani. Alisema karatasi ile amemsomea dadake, na dadake ametoa nusu yake, na Bi Mishi si mtu wa kurudiwa na bei mbili. Leo hii arudi amwambie nini? Kwamba bei ya Rukia hulala moja ikaamka nyingine?

Shangazi akajinyoosha. Nilimwona Fundi Kalume kule nje akifumba macho, maana sote tunamjua. Akasema, "Mwambie Bi Mishi neno langu ni lilelile. Nilishasema, nimesema."

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kinakwenda mrama. Kazi ingefanywa, milango kumi na minane ingesimama Jomvu Kuu imenyooka, na watu watatu wangerudi kwao na mikono mitupu kwa sababu ya kipanya changu. Mimi huwa na mdomo, mnanijua. Shuleni umeniponza mara nyingi. Safari hii ulisema kabla sijaupa ruhusa.

"Si neno lako, Shangazi. Lako ni heshima moja. Hizi kumi na saba ni zangu."

Shangazi akanitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Mtoto haingii katikati ya wakubwa wakizungumza bei. Lakini mzee aliinua mkono, akaniuliza kama kweli ni zangu. Nikamwambia wallahi ni zangu, mafundi hawajui lolote.

"Basi chukua zako," akasema. "Mimi sina haja na heshima ya kubandikwa."

Sikuelewa mara moja. Shangazi alielewa, maana niliona mabega yake yakishuka. Na mzee hakumpa hata nafasi ya kushukuru. Akavaa tena miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa halali.

"Ila hii yako, Rukia. Elfu tatu. Vyumba kumi na vinane. Hii ni heshima au ni salamu?"

Nilitaka kulia. Alikuwa anavuta! Shangazi akamwambia chuma kimepanda, mzee akamwambia na yeye umri umepanda. Shangazi akaongeza elfu mbili, mzee akanyanyua bahasha kama mtu anayeondoka, akakumbushwa kwamba mlango wa kutokea uko upande ule mwingine, akakaa. Walivutana mpaka adhana ikaanza kusikika. Walipopeana mikono heshima ilikuwa elfu kumi na mbili, na akaomba aandikiwe kwa kalamu, si kwa kompyuta. Fundi Kalume akawasha grainda. Hamjawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Kustaafu kwangu kulitangazwa alasiri hiyohiyo. Hakukuwa na hotuba. Shangazi alinipa kopo la rangi nyekundu ya msingi na brashi, nikapaka milango kumi na minane, grili kubwa kumi na nane na ndogo kumi na nane, na Fundi Kalume akizipitia nyuma yangu akinionyesha nilipoacha. Kisha kompyuta akapewa Saada.

Kabla ya kumpa, Shangazi aliingia mwenyewe ndani ya Mama, kwa kidole kimoja, kazi ya nusu saa. Heshima akaitenga chini kabisa, mbali na vitu vingine. Na juu, mahali ambapo hakuna awezaye kusema hakupaona, akaongeza mstari mpya: "USINAKILI HUU. TUMU." Idadi moja, bei sifuri. Tumu ni mimi.

Niliuona ni uonevu, lakini pia nilijua ni mstari mzuri. Onyo linakaa palepale jicho linapoanzia. Nilimweleza Saada yote haya mara mbili, nikamwambia apime kila mtoto kwa mama, akaniambia sawa, Dada Tumu, kwani mimi ni mjinga?

Wiki iliyopita, Bi Saumu wa Kiembeni alimpigia Shangazi simu. Alikuwa ametaka grili za madirisha tisa na amepokea kotesheni yake. Alisema grili ni ghali, watavutana baadaye, lakini kwanza aeleweshwe jambo moja. Kwenye karatasi ameona, juu ya kila dirisha, maneno usinakili huu, kisha kitu kinachoitwa Tumu. Viko tisa. Tumu ni kitu gani hasa, na mbona ni bure?

Shangazi aliweka simu kwenye spika ili nisikie. Saada alikuwa ameshaingia chooni na kujifungia.

"Maana kama ni bure," akasema Bi Saumu, "mimi nataka vyote tisa."

Shangazi alinitazama. Nikamkumbusha kwamba mimi nimestaafu. Akaniambia anajua, ila neno limeshatoka karakanani, lina nembo na sahihi.

Jumamosi grili zilifungwa. Mafundi walipoondoka nilibaki Kiembeni na ndoo na kitambaa, nikiosha vumbi la chuma kwenye madirisha ya Bi Saumu, moja baada ya jingine. Alikuwa amekaa kibarazani na ile karatasi, na kila nilipomaliza dirisha aliweka alama kwenye mstari wangu.